Nachoma dhahabu kwa zebaki, mikono imeanza kutetemeka. Naombeni ushauri

Kijana wa Mwaloni
Wakuu habari za jioni. Nipo kwenye mwalo mmoja wa kuoshea mchanga wa dhahabu huku Geita, mwaka wa nne sasa. Mchanga ukishaoshwa natia zebaki kwenye karai ili inase dhahabu, nachanganya kwa mkono mtupu, nakamua kwenye kitambaa, kisha kile kidonge nakichoma kwenye mkaa mpaka ibaki dhahabu. Siku ikichangamka nachoma hata mara nane. Tunachomea ndani ya kibanda cha mabati, mlango umefungwa, maana bosi anaogopa wezi.

Tangu mwezi wa tatu mikono inatetemeka. Juzi nilishindwa kumfunga mwanangu kifungo cha shati, mama yake akaja kunipokea. Usingizi sina, fizi zinatoa damu, nakasirika ovyo. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na nguo zangu za kazi anafua yeye. Bosi hutununulia maziwa, anasema yanatoa sumu. Nikiomba glovu anasema atakata kwenye malipo yangu. Sina shamba wala mtaji. Nifanyeje?

Nesi Kanda ya Ziwa
Pole sana kaka. Acha kuchoma kuanzia kesho, hilo halina mjadala. Kutetemeka, kukosa usingizi, fizi na hasira, vyote hivyo ni dalili zinazojulikana za sumu ya zebaki. Inayokuumiza zaidi ni ule mvuke, hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo na figo. Maziwa hayautoi. Barakoa ya kitambaa nayo haiuzuii, inatakiwa yenye katriji, yaani kichujio maalumu cha mvuke wa zebaki.

Nenda hospitali, mwambie daktari waziwazi kazi unayofanya, uombe kipimo cha zebaki kwenye mkojo. Kama hapo hawana, waulize kuhusu rufaa ya Bugando, ile hospitali kubwa ya Mwanza. Usinunue dawa ya "kusafisha sumu" mtaani.

Mkeo asiguse tena nguo hizo. Zebaki inavuka kwenda kwa mtoto tumboni. Badilisha nguo na uoge hukohuko mwaloni kabla ya kurudi nyumbani, na kitambaa cha kukamulia kisiingie ndani kabisa. Mkeo naye aeleze haya yote kliniki.

Duara la Saba
Mnamtisha bure. Mimi nina miaka kumi kwenye zebaki na nipo fiti.

Mzee wa Karasha
Mdogo wangu Duara, hata mimi nilisema hivyo. Leo chai nanywa kwa kikombe nusu, kikijaa inamwagika.

Kijana, mwambie bosi habari ya ritoti. Ni chungu cha chuma chenye mfuniko unaobana, na bomba linalopeleka mvuke nje. Bomba unalizungushia kitambaa chenye maji, mvuke unapoa, zebaki inadondoka kwenye bakuli. Fundi wa kuchomelea anaitengeneza, ila asitumie bomba la mabati lenye zinki. Ncha ya bomba isizame kwenye maji, yakivutwa ndani ya chungu cha moto yanalipuka. Na usifungue kabla haijapoa kabisa. Hata ukiwa nayo, chomea nje, mbali na nyumba na watoto. Bosi anaelewa hesabu: zebaki anayoipoteza hewani kila siku ataiokota na kuitumia tena.

Mtetezi wa Vibarua
Kukukatia hela ya glovu ni makosa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga kwa gharama yake, na wafanyakazi wapimwe afya. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanapokea malalamiko. Usiogope kwamba huna mkataba wa karatasi. Kama unafanya kazi chini yake na anakulipa, una hoja. Ugonjwa uliotokana na kazi una fidia kupitia WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kwa hiyo tunza kila cheti cha hospitali na uandike tarehe ulizochoma.

Halafu zebaki ni kemikali inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Tanzania pia ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao unataka uchomaji wa wazi, na uchomaji kwenye makazi ya watu, ukomeshwe. Kibanda chenu kinaangukia humo moja kwa moja.

Kijana wa Mwaloni
Asanteni sana wakuu. Leo nimeongea na bosi mbele ya wenzangu watatu. Ya glovu hakujibu, ila aliposikia zebaki inaokotwa akauliza fundi anataka shilingi ngapi. Nimehamia kwenye kuosha mchanga, malipo yamepungua. Jumatatu naenda kupima. Nguo za kazi nimeziacha kwenye ndoo huko mwaloni, nimerudi na kanga ya mke wangu aliyoniletea njiani.