Ushauri: viini nane vya zamani au sita vipya? Mchana steshenari, usiku lori la mzee

Binti wa Ng'ong'ona

Wakuu habari za jioni. Wa nyumbani, mbukwenyi.

Nina steshenari ndogo Ng'ong'ona, jirani na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Kazi zenyewe mnazijua: kuchapa, fotokopi, skani, Ajira Portal nafasi zikitangazwa, na maombi ya mikopo ya wanafunzi ya HESLB dirisha likifunguliwa. Msimu wa mikopo Chrome peke yake inakuwa na kurasa thelathini, Word iko wazi, na kuna PDF za vyeti vya watu sita waliokaa kwenye benchi wananitazama mikono. Mashine yangu ina prosesa ya i5-2400 ya mwaka 2011, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4. Ikipata joto inavuma kama mashine ya kukoboa.

Hilo la kwanza. La pili ndilo limenileta. Mzee wangu ameendesha semi-trela miaka ishirini na sita, Dar mpaka Rusumo. Mwaka jana goti lilimstaafisha. Akawa mtu wa kukaa barazani bila neno, hadi mdogo wangu alipomwekea gemu la malori, Euro Truck Simulator 2, kwenye kompyuta ya dukani. Sasa nikifunga saa mbili usiku, anakuja na kiti chake mwenyewe. Shida akiingia mjini lori linakwama kwama, anakata kona sasa hivi, linageuka baadaye. Mzee anasema ni klachi.

Nimezunguka nikapata mashine tatu. Ya kwanza ni kompyuta kubwa ya ofisini iliyotumika, prosesa ya Xeon E5-2670, viini nane (zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi), RAM GB 16, kadi ya picha ya Quadro ya zamani, laki nne na nusu. Muuzaji kaniambia, "Dada, hii ni ya seva, viini nane, hutajuta." Ya pili inatoka Kariakoo, Ryzen 5 5600G, viini sita, RAM GB 8, haina kadi ya picha, laki tisa na themanini. Ya tatu i3-12100F, viini vinne, pamoja na GTX 1050 Ti iliyotumika, milioni moja na hamsini.

Kwa akili yangu, nane ni kubwa kuliko sita, sita kuliko nne. Sasa mbona bei imegeuka kichwa chini miguu juu?

Kijana wa Kisasa

(Kisasa mtaa, msije mkasema najisifu.)

Dada chukua Xeon usiku usiku kabla mwingine hajaiona. Viini nane, nyuzi kumi na sita (yaani kazi kumi na sita kwa wakati mmoja), RAM tayari 16. PlayStation 5 tangu 2020 ina viini nane, kwa hiyo magemu ya sasa yanaandikwa kwa kutegemea viini vingi. Mwenye vinne leo kesho analia. Chenji inayobaki ongezea printa ya rangi.

Fundi wa Majengo

Kijana umesema kweli kuhusu PS5, lakini umeitumia mahali pabaya. Viini nane vya PS5 ni vya usanifu wa Zen 2. Hivi vya Xeon ni vya 2012. Kuhesabu viini bila kuuliza kizazi ni kama kuhesabu ng'ombe bila kuuliza wanatoa lita ngapi.

Dada, mzee wako atanielewa haraka kuliko wewe. Mwulize: lori limebeba tani thelathini linapanda mlima Sekenke, ukimwongezea madereva saba kwenye kebini, litafika juu mapema? Usukani mmoja. Gemu analocheza lilitoka 2012, na kazi yake kubwa inapita kwenye kiini kimoja. Vingine vinasaidia vitu vya pembeni. Kwa hiyo unachotafuta ni kiini kimoja chenye nguvu kwanza, ndipo uulize viko vingapi. E5-2670 inaanzia gigahezi 2.6 (mizunguko bilioni 2.6 kwa sekunde) na inafika 3.3 ikijitahidi. 5600G inaanzia 3.9, inafika 4.4, na katika kila mzunguko mmoja inamaliza kazi nyingi kuliko ile Xeon. Hilo la pili watu hawalioni kwenye tangazo.

Jambo hili si geni. Gene Amdahl, mhandisi Mmarekani, alilieleza mwaka 1967: kama nusu ya kazi haigawanyiki, hata ukiwa na viini elfu moja hutapata zaidi ya kasi mara mbili.

Usiniamini kwa mdomo. Nenda na gemu kwenye diski ya nje, omba kujaribu. Fungua Task Manager ya Windows, ile inayoonyesha mashine inavyofanya kazi, uone asilimia ya prosesa. Halafu teremsha ubora wa picha mpaka nusu. Fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikipanda, kilichokuwa kinabana ni kadi. Zikibaki palepale, ni prosesa. Dakika kumi tu, na muuzaji akikataa umeshapata jibu.

Umeme nao. Niliwahi kuwa na mashine ya namna hiyo hapa kijiweni. Nilipoipima kwenye soketi ilikuwa inakula wati 90 hata hakuna kilichofunguliwa. Ya 5600G niliyomjengea mteja ilikaa kwenye 30. Tofauti wati 60, mara saa kumi na mbili za duka, mara siku thelathini: uniti 21 na ushee kila mwezi. Hesabu mwenyewe kwenye LUKU.

Na Windows 10 matengenezo yake yaliisha 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa utaratibu wake inataka Intel kuanzia kizazi cha nane au Ryzen kuanzia 2000. Ile Xeon haimo. Kuna vijana watakuwekea kwa kuzunguka mlango wa nyuma, sawa, lakini wewe unashika vyeti na nywila za watu.

Mlenda na Ugali wa Uwele

Mimi naomba nitetee i5-2400 iliyosingiziwa. Dada, kazi zako za mchana hazihitaji prosesa mpya. Kurasa thelathini za Chrome kwenye GB 4 ni kulaza watu kumi kwenye kitanda cha futi tatu. Ipe GB 8 na SSD (diski ya kasi) ndogo, uone itakavyonyamaza. Kinachohitaji prosesa ni lori la mzee. Usichanganye wagonjwa wawili dawa moja.

Pia lifungue hilo kasha. Upepo wa huku kuanzia Juni mpaka Oktoba ukipuliza, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye meno. Mimi yangu nilitoa vumbi la kupanda mchicha. Prosesa ikizidiwa joto inajipunguza kasi yenyewe, halafu unaambiwa ununue mpya.

Kijana wa Kisasa

Fundi nimekuelewa kwenye Xeon, naweka mikono juu. Ila kwa nini mnaisahau i3-12100F? Ni ya 2022, inafika gigahezi 4.3, na kiini kimoja kwa kimoja inaipita hiyo 5600G. Halafu GTX 1050 Ti inaiacha mbali picha ya ndani ya Ryzen, ile iliyomo kwenye prosesa yenyewe. Kwa lori la mzee hiyo ndiyo mashine. Nimetoka nane nimeshuka vinne, mnaona nilivyo muungwana?

Fundi wa Majengo

Kwa gemu tupu uko sahihi, sibishi. Herufi moja tu ndiyo inanitia shaka, hiyo F. Maana yake prosesa haina picha ya ndani. 1050 Ti ilitoka 2016, na iliyotumika hujui imepita mikononi mwa nani. Ikifa Jumatatu asubuhi, skrini nyeusi, duka limefungwa. Kama ni i3-12100 isiyo na F, kadi ikifa anahamisha waya wa skrini anaendelea kuchapa. Dada, mwulize muuzaji kama anaweza kubadilisha. Akikubali, chukua hiyo bila kuniuliza tena.

Asipokubali, 5600G. Lakini muulize RAM GB 8 ni kijiti kimoja au viwili. Picha ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya mashine. Kijiti kimoja ni barabara ya njia moja, viwili vinafanana vinapita sambamba. Watu wengi wanaitukana Ryzen kumbe kosa ni la kijiti.

Binti wa Ng'ong'ona

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Samahani kwa kimya, dirisha lilikuwa limefunguliwa, mnajua.

Nilikwenda kuijaribu Xeon na mzee mwenyewe. Muuzaji alishangaa, nadhani hajawahi kuona mteja wa miaka 63 amevaa balaghashia anajaribu gemu. Mzee akaendesha hadi London. Barabara kuu lilikwenda vizuri. Alipoingia mjini, kwama kwama. Nikachungulia Task Manager: prosesa asilimia 13. Kumi na tatu! Kwa macho yangu ilikuwa imelala. Nikateremsha picha nusu kama fundi alivyosema, majengo yakawa kama yamechorwa na mtoto wa chekechea, fremu zikabaki 27, 28. Hapo ndipo nikaelewa. Ile asilimia ni ya viini vyote vikijumlishwa pamoja. Mmoja anasukuma lori, wengine wako kwenye kivuli wanakunywa chai.

Nikamweleza mzee habari ya madereva wanane Sekenke. Akacheka mpaka akashika goti. Akasema pale Sekenke yeye alikuwa na tingo mmoja, na huyo mmoja kazi yake ilikuwa kushuka na gogo la kuzuia tairi.

Wa i3 aligoma kubadilisha F, akasema mzigo ulikuja hivyo. Nikachukua 5600G. Ilikuja na kijiti kimoja cha GB 8, fundi ungekuwa mganga ungetajirika. Usiku ule wa kwanza mzee alipata fremu 31 mjini kwenye 1080p, picha ya chini. Kesho yake nikanunua kijiti cha pili pale mjini, GB 8 kasi ileile. Mji uleule, kona ileile: 46. Sijabadilisha kingine chochote. Feni siisikii, na mara ya kwanza nilidhani mashine imezimika.

Ile i5-2400 sikuiuza. Mlenda, nilitoa vumbi, si mchezo. Nimeiwekea SSD na RAM, sasa dada msaidizi anachapia. Wateja hawajui kama ni ileile.

Kijana wa Kisasa, usikate tamaa. Kadi ya picha naweza kuongeza kwenye hii hela ikipatikana.

Klachi, kwa mujibu wa mzee, imepona. Anaendesha Uingereza tu kwa sababu wanapita kushoto kama sisi. Amefika Dover mara tatu, kivuko kiko mbele yake, anageuza. Anasema hawezi kwenda kuanza kujifunza kupita kulia umri huu.

Anatumia vishale vya kibodi, na juzi kang'oa cha kushoto. Mwenye usukani wa USB uliotumika, wenye pedeli, aniambie bei. Au nifungue uzi mwingine?