Fuso Fighter haipigi stata baada ya kubadilishwa gasketi ya hedi, inalia "tik" tu. Naombeni ushauri

Kijana wa Ilula
Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo yenu, hasa mafundi wa malori ya Kijapani.

Gari ni Mitsubishi Fuso Fighter, injini 6D16, mfumo wa volti 24. Ni ya kaka yangu, mimi ndiye ninayeiendesha. Ilichemsha ikipanda Kitonga na mzigo wa saruji, tukaivuta hadi Iringa. Ikaonekana gasketi ya hedi imeungua na maji yanaingia kwenye silinda. Fundi akafungua hedi, ikapelekwa kuchongwa, ikarudi akaifunga. Kabla ya hapo stata haikuwahi kusumbua.

Sasa tukiwasha inalia "tik" moja, basi. Injini haizunguki hata kidogo. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, honi inalia. Fundi anasema stata imekufa, ninunue nyingine. Dereva mwenzangu anasema tuifunge mnyororo ivutwe na lori jingine hadi iwake. Stata ya mtumba si bei ndogo, na mwenye mzigo ananipigia simu kila siku.

Kitu kingine, sijui kama kina maana: tulipong'ang'ania ufunguo, kebo ya akselereta ilipata moto mpaka plastiki yake ikatoa harufu.

Baba Nuru
Pole sana mdogo wangu. Mimi naelekea upande wa fundi wako. Mabomba ya maji yakifunguliwa, stata huloa. Lakini usikimbilie kununua, ipeleke kwanza kwa fundi wa stata aangalie kaboni na bushi.

Mzee wa Spana
Mleta uzi, kwanza kabisa huo mnyororo uweke pembeni. Umesema mwenyewe maji yalikuwa yanaingia kwenye silinda. Kama yamebaki humo, au yameingia tena kwa sababu hedi haijakaa sawa, pistoni ikipanda inakutana nayo, na maji hayabanwi kama hewa. Stata ikikutana na hali hiyo inagoma tu, na hapo una bahati. Lori likivutwa likiwa kwenye gia halisikii: konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda, pengine bloku inatoboka, na kazi ya gasketi inageuka kazi ya injini nzima. Injini nzuri nyingi zimeuawa hivyo.

Fanya hivi leo, hakuna gharama. Gia iwe huru, matairi yawekewe mawe, waya wa hasi wa betri uondolewe. Shika bolti ya puli ya kranki kwa spana ndefu, uzungushe taratibu kuelekea upande injini inakozungukia, mizunguko miwili kamili. Nasema miwili kwa sababu kila silinda hupata zamu ya kubana mara moja tu katika mizunguko hiyo, ukiishia mmoja utakuwa umekagua nusu ya injini. Itakuwa nzito silinda inapobana, kisha italegea. Hiyo ni kawaida.

Ikigoma kabisa mahali pamoja, acha hapo. Usiongeze bomba kwenye spana. Fungua nozeli zote sita (zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda) uzungushe tena, na mtu yeyote asiinamie matundu. Maji yakiruka, jibu ni hilo. Yasiporuka na bado inagoma, kuna kitu kimedondokea ndani kupitia manifoldi, au fimbo ya valvu haikukaa mahali pake. Ikizunguka vizuri, injini yako haina neno, rudi kwenye umeme.

Mwanalori wa Nakuru
Boss, upande wa injini mzee amemaliza. Mimi nauliza hivi: betri zilitolewa wakati wa hiyo kazi? Lori la 24 lina betri mbili za 12 zilizofungwa kwa kufuatana, chanya ya moja inaenda kwa hasi ya nyingine. Kijana wa gereji akizirudisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unabaki na 12, na stata italia tik tu. Pima kwa ncha za mwisho, unafaa kuona 25 na kitu. Na mtu asikuje kukuboosti na Probox, hiyo ni ya 12.

Dada Spea
Nauza spea Kariakoo. Kaka, spea za umeme ukishazifunga duka halizirudishi, na sisi tunaouza tunaona watu wanavyoumia. Hao wanaokwambia upime kwanza wanakutakia mema. Stata nzima ikitupwa kwa kubahatisha, hela hiyo hairudi.

Kijana wa Ilula
Asanteni sana wote. Kwa kuwa maji yalishaingia, tulifungua nozeli kabisa ili tuwe na uhakika. Tumezungusha kwa mkono, inazunguka yote miwili, hakuna maji yaliyoruka. Tumerudisha nozeli, ikawa inabana kama mzee alivyoeleza.

Betri zimefungwa sawa. Nimeazima mita: zikiwa zimetulia zinasoma 25.2. Mwenzangu akishika ufunguo na stata ikalia tik, zinashuka hadi 24.6 tu. Fundi ameshikilia kwamba ni stata.

Waya Mweusi
Mkuu, nimefanya umeme wa malori miaka mingi na hilo jambo ulilosema "sijui kama lina maana" ndilo lililonisimamisha. Kebo ya akselereta si waya wa umeme. Kwa nini ipate moto ukipiga stata?

Angalia gari yako. Hasi ya betri imefungwa kwenye chesisi. Injini imekaa juu ya maunting za mpira, na mpira haupitishi umeme. Kinachounganisha injini na chesisi ni waya mmoja mnene wa ethi, mara nyingi ule uliosukwa. Stata inapata chanya kwa waya wake, lakini hasi inaipata kupitia mwili wa injini. Waya huo ukikosekana, umeme ni kama maji yaliyozibiwa mfereji, yatapenya popote: kwenye kebo ya akselereta, kebo za gia, hata mabomba ya mafuta. Njia hizo ni nyembamba kwa stata. Zinachemka, na stata inaambulia tik.

Namba zako nazo zinakubali. Stata iliyokwama huvuta umeme mwingi na betri zinashuka sana, taa zinafifia. Betri zako zimeshuka kidogo tu. Maana yake umeme haupiti, mahali fulani njia imekatika.

Pima hivi: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha bloku, siyo penye rangi. Mwenzako apige stata kwa sekunde mbili, asing'ang'anie. Njia nzuri ya ethi haitakupa zaidi ya nusu volti hivi. Ukiona volti nyingi, umeshapata ugonjwa. Halafu chukua waya mnene wa kuboosti, unganisha bloku moja kwa moja na hasi ya betri, gia ikiwa huru, upige tena.

Mzee wa Spana
Hapo Waya Mweusi kaua. Kazi za hedi ndizo zinazoacha waya huo nje, unafunguliwa ili kupisha mkono na haurudi.

Kijana wa Ilula
Wakuu, mita imesoma 16! Tumeweka waya wa kuboosti, stata imezunguka kwa nguvu zote, kidogo nilie. Tukaingia chini ya kabini na tochi: waya wa ethi unaning'inia nyuma ya stata, na bolti yake imetumika kushikilia bomba la maji. Tunaurudisha sasa hivi. Mungu awabariki.

Waya Mweusi
Hongera mkuu. Usiufunge hivyo hivyo. Piga brashi ya waya pande zote mbili, bloku na chesisi, mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu kuzuia kutu. Kama nyuzi zake zimekatika nyingi, weka mpya yenye unene ule ule. Pima tena ukipiga stata.

Halafu ile kebo ya akselereta itoe uikague yote. Plastiki ya ndani ikiyeyuka inashika, na kebo inayoshika mafuta yakiwa yamekanyagwa kwenye mteremko wa Kitonga ni hatari ya maisha. Badilisha tu. Kagua pia kebo za gia na mabomba ya mafuta yanayopita karibu na chesisi.

Mzee wa Spana
Na oili? Maji yaliingia kwenye silinda, yakashuka chini. Kama fundi hakumwaga oili na kubadilisha filta, usiiwashe. Chomoa kijiti uangalie, ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, mwaga kwanza.

Kijana wa Ilula
Nimechomoa, imepauka kweli. Naenda kununua oili na kebo kabla maduka hayajafungwa.