Mrejesho: mafuta ya karafuu na gego langu

Assalaam aleikum. Mwezi uliopita niliuliza kama naweza kutia mafuta ya karafuu kwenye gego lililotoboka, maana usiku silali, na huku Pemba chupa haikosekani nyumbani. Ahsanteni nyote mliojibu.

Nikiri kwanza: kabla sijasoma majibu nilishayatia matupu, bila kuchanganya. Jino lilikufa ganzi kweli, lakini ufizi uliungua, ukawa mweupe na kumenyuka siku 3. Supu ya pweza naiangalia tu! Ndipo nikamfuata dada aliyesema tone 1 kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, unachovya ncha ya pamba, unagusa jino, mate unatema. Hiyo ilifaa. Maumivu yalitulia kama saa 1, mara nyengine pungufu.

Aliyeuliza kama mafuta yangu ni ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu: ndiyo. Yujenoli, hiyo inayotia ganzi, imo tele humo pia.

Ila jino halikupona. Wiki ya pili shavu likavimba, nikaenda kwa daktari wa meno Chake Chake. Usaha ulishafika mzizini, likang'olewa. Ganzi ilinichelewesha, nadhani.

Kaka uliyeonya kuhusu kuchanganya mafuta haya na dawa za kuzuia damu kuganda, mama anazitumia dawa hizo. Nimemwambia mafuta asiyanywe kabisa. Na chupa nimeipandisha juu ya kabati, kwa sababu mtoto mdogo akimeza hata kijiko kimoja ini linaweza kuharibika. Mimi nilikuwa naiweka dirishani, ubavuni mwa asali.