Serikali inatuuliza babu zetu ni nani, huku daftari zenyewe imezifungia stoo

Ndugu wanajukwaa, asalaam aleikum. Naandika kutoka Bombo, Uganda, nikiwa na hasira niliyoizuia tangu Ramadhani, na leo nimeshindwa kuizuia.

Ninatafuta kumbukumbu moja tu, nayo ni ndoa ya babu yangu mzaa baba, aliyekuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, na akaoa katika wilaya alikopangiwa kazi, mbali na hapa. Ndoa za Waislamu zina sheria yake ya kuandikishwa tangu mwaka 1906, kwa hiyo sitafuti kitu cha kubuni. Nakala ya nyumbani ilikuwa ndani ya sanduku la bibi, pamoja na karatasi za jeshi za babu. Mwaka 1979, Amin alipoanguka na sisi Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan, tukakimbia tukiwa na nguo za mwilini, nyumba iliporwa na sanduku likaenda na waporaji.

Msidhani hii ni starehe ya mzee aliyestaafu. Katiba ya 1995 inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka yetu tarehe 1 Februari 1926. Mtoto wa dada yangu alipokwenda kuomba hati, aliulizwa athibitishe babu wa mama yake alikuwa nani. Swali hilo nalikubali. Ninachokataa ni kwamba jibu lake wamelifungia wao wenyewe.

Nilipofika mara ya kwanza katika ofisi hiyo ya wilaya, ambayo sitaitaja, karani alinitaka nilete namba ya faili. Namba imo katika orodha, orodha imo stoo, stoo ina kufuli, na ufunguo alikuwa nao bwana mmoja aliyekwenda semina. Mara ya pili nikaambiwa vitabu vyote vya zamani vimepelekwa Kampala. Nikapanda teksi hadi Wandegeya, kwenye jengo la nyaraka za taifa, ambako walinipokea kwa heshima, wakaangalia, wakaniambia kwamba vitabu vya ndoa vya wilaya hiyo havijawafikia. Mara ya tatu karani yuleyule, bila hata kuona haya, akasema kitabu kililiwa na mchwa. Nilipokuwa natoka, kijana mmoja alinifuata hadi kwenye mwembe akaninong'oneza kwamba kwa chai ya shilingi 50,000 kitabu kinaweza kuonekana. Mchwa wanaotapika daftari wakiona noti, mimi sijawahi kuwasikia.

Hata kikifunguliwa, nina wasiwasi kama atakayetafuta anajua anachokitafuta. Wakoloni walituandika Wasudani, kwa hiyo anayepitisha kidole akitafuta neno "Mnubi" anaweza kumaliza kitabu kizima na kuapa kwamba hatumo. Askari wengi waliandikwa kwa jina moja tu, bila la baba, na kila karani aliliandika alivyolisikia: Khamis huyu ni Hamisi kule, na kwingine ni Amis. Bombo nayo ilihesabiwa chini ya Mengo, wala hakuna aliyeijua wilaya ya Luwero tuliyomo leo. Ndiyo maana niliomba nikae nisome mwenyewe, mbele ya karani, bila kalamu ikibidi. Nikakataliwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba barua za magavana wa Uganda kwenda London zimehifadhiwa Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, katika mfululizo wa CO 536, na msomaji mwenye kadi huletewa mezani. Yaani mjukuu wa gavana ataipata barua ya babu yake kabla mimi sijaiona ndoa ya babu yangu.

Sasa nimeandika barua rasmi kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, inayompa afisa siku 21 za kujibu, na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kama kuna mwenzangu, wa Arua, Gulu, Jinja au Hoima, aliyewahi kuviona vitabu vya ndoa za Kiislamu vya kabla ya uhuru, naomba aniambie hapa alivipata chumba gani na aliomba kwa jina gani. Siku ya 21 ni Jumatatu ijayo, nami saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwao.