Msaada: nimeletewa barua ya wakili juu ya laifseva ninazotengeneza

FundiNax: Wadau, habari za jioni. Nina karakana ya kuchomelea hapa Nakuru. Natengeneza laifseva, zile pembetatu nyekundu za kuweka barabarani gari likikwama. Juzi nimeletewa barua ya wakili. Lori liliharibika usiku karibu na Sachangwan, dereva akaweka laifseva yangu, matatu ikaja ikaligonga kwa nyuma. Abiria mmoja amevunjika mguu, anataka fidia kutoka kwa mwenye lori pamoja na mimi. Huyo abiria hajawahi kununua kitu kwangu, hata simjui. Kweli anaweza kunishtaki? Usingizi umenipotea.

MamaBoi_Kisumu: Pole sana ndugu. Wa kushtakiwa ni hawa wa matatu. Nikitoka Kericho kuja Kisumu dereva alikuwa anachambua miraa huku anaovateki kwenye kona, na mimi nimempakata mtoto. Nilishuka Awasi nikalipa nauli mara ya pili. Heri hasara ya pesa.

WakiliMtaani: Tujibu alichouliza. Ndiyo, anaweza. Mwaka 1932 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya Donoghue na Stevenson. Mama mmoja wa Scotland alidai aliugua kwa kinywaji kilichokuwa na konokono ndani ya chupa, na chupa yenyewe alinunuliwa na rafiki. Ikaamuliwa kuwa mtengenezaji ana wajibu kwa mtu anayeweza kuumizwa na bidhaa yake, awe alinunua au la. Mahakama zetu zinaifuata. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa mtumiaji haki ya kulipwa akiumizwa na bidhaa yenye kasoro. Kesi ya majeraha ina miaka 3 tangu ajali. Sasa niambie, laifseva zako zina alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya?

FundiNax: Kazi yangu ni safi. Chuma kizito, haiangushwi na upepo wa trela.

WakiliMtaani: Sijauliza chuma. Ule wekundu ni wa nini?

FundiNax: Sawa. Karatasi ya kuakisi ilipanda bei, kwa hivyo hizi za mwisho nilibandika plastiki nyekundu inayong'aa. Mchana huwezi kuzitofautisha. Na mjue wateja ndio wanataka ya bei ya chini, ya kuonyesha askari tu kwenye kizuizi. Alama sina, mafundi wengi hapa hawana. Kaka yangu ameshaomba kusajili jina jipya la biashara. Zilizobaki naendelea kuziuza, nina karo ya kulipa.

TanboiMstaafu: Bosi, nimekaa kwenye malori miaka mingi, tulikuwa tunaweka matawi barabarani. Karatasi halisi ina shanga ndogo sana za kioo ndani, au viprizimu. Taa ikiipiga, mwanga unarudi kule kule ulikotoka, kwa dereva mwenyewe, akiwa bado mbali. Plastiki inayong'aa inautupa mwanga kando. Kwenye ule mteremko wa Salgaa, trela imebeba mzigo na breki zimechemka, dereva wake ataiona laifseva yako akiwa ameshafika. Umemuuzia mtu giza.

Chebet_Eldy: Msimwonee fundi. Kampuni ya Trinity kule Texas ilipunguza upana wa kipande kimoja cha vyuma vya kuzuia magari kando ya barabara kutoka inchi 5 hadi 4, mwaka 2005. Korti ikaamuru ilipe dola milioni 663, na mwaka 2017 rufaa ikafuta yote. Wakubwa wanapona, yeye aonewe kwa nini?

WakiliMtaani: Hiyo ilikuwa kesi ya kuilaghai serikali, na ilifutwa kwa kuwa serikali yenyewe ilijua na bado ikaendelea kulipa. Waliovunjika viungo kesi zao ni tofauti. Wewe FundiNax, kama biashara ni yako peke yako, deni ni lako hata ubadilishe jina mara kumi. Usiijibu barua mwenyewe, mpelekee wakili. Na acha kuuza leo hii. Barua umeshaisoma, kwa hivyo ya kesho hutasema hukujua.

MzeeKobe: Hekaya! Barua juzi, na jina jipya limeshaombwa? Huyu ni mwanafunzi wa sheria, mnamfanyia mtihani wa bure. Leta picha ya barua.

MamaBoi_Kisumu: Hata mimi nimeanza kushuku. Akaunti ni ya leo.

FundiNax: Barua siweki, ina jina la mgonjwa na la hospitali. Jina jipya kaka aliliomba siku hiyo hiyo barua ilipofika. Aminini msiamini.

Kanta_wa_MauSummit: Mimi sijali kama ni hekaya. Nina mbili nilizonunua Nakuru mwaka huu, na saa nne usiku napakia kwenda Malaba. Zako nazitambuaje?

FundiNax: Mguu umefungwa kwa ribiti mbili, nyuma nimepaka rangi ya kijivu. Isimamishe, rudi nyuma hatua hamsini, kisha uimulike ukiwa hapo.

Kanta_wa_MauSummit: Ribiti mbili, kijivu. Nimeimulika, sioni kitu. Nifanye nini?

FundiNax: Usiondoke nazo. Hapo stendi kuna duka la spea, chukua za karatasi halisi, unitumie bei kwa inbox nikulipie.