Marko 16 ifundishwe mapema, au tumwachie mwanafunzi akutane nayo kwa wapinzani?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Masomo mengi ya utetezi wa imani huanza na namba: Agano Jipya lina nakala za Kigiriki zaidi ya 5,000, hakuna kitabu cha kale kinachofikia hapo, kwa hiyo Biblia ni kweli. Mimi ni muumini, na hiyo "kwa hiyo" ndiyo inayonikera. Wingi wa nakala unaonyesha kwamba tunajua, kwa karibu sana, mwandishi aliandika nini. Kama alichoandika kilitokea, hilo ni swali lingine, na mpinzani makini atakubana hapo hapo.

Halafu kuna yanayorukwa. Fungua Marko 16. Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, nakala mbili za kale za Biblia ya Kigiriki, zote za karne ya 4, zinaishia mstari wa 8: wanawake wanakimbia kutoka kaburini, hawamwambii mtu neno, maana waliogopa. Mstari wa 9 hadi wa 20 haumo. Yule mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 8, naye hayumo. Asipoyasikia kwa mwalimu wake, mwanafunzi atayasikia kwa mtu anayetaka aache imani. Nasema yawe somo la kwanza. Karibuni tubishane.

Mama Mwalimu: Mwanangu, huyo bado ni wa maziwa, unamlisha nyama ngumu. Mwanzishie Isaya. Gombo lake la Qumran, kule kwenye mapango karibu na Bahari ya Chumvi, lilipatikana 1947, nalo ni la zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo tulitegemea nakala za Kiebrania kama ile ya mwaka 1008. Miaka elfu na zaidi, Isaya ni yuleyule!

Mleta mada: Shikamoo mama. Ni yuleyule kwa ujumbe, si kwa kila neno. Isaya 53:11, gombo lina "ataona nuru". Ile ya 1008 haina "nuru". Fundisho haliguswi. Ila ukimwapia mtu kwamba hakuna tofauti hata moja, siku akiiona moja atakutilia shaka kwa yote.

Mpita Njia: Mimi si Mkristo. Mnapenda kutaja jiwe la Kaisaria, lililopatikana 1961, lenye jina la Pilato, yule liwali aliyemhukumu Yesu. Sawa, Pilato alikuwepo. Ufufuo mnautetea kwa jiwe gani?

Mleta mada: Jiwe hakuna, mkuu. Kuna mashahidi. Katika 1 Wakorintho 15 Paulo anasema Yesu aliyefufuka alimtokea Kefa (ndiye Petro), Yakobo nduguye Yesu, na ndugu zaidi ya 500, katika barua ya miaka kama 20 na ushee baada ya msalaba.

Mpita Njia: Hao 500 hawana jina hata moja.

Mleta mada: Ni kweli, na mimi siwategemei hao. Lakini Kefa na Yakobo, ukisoma Wagalatia 1, Paulo anasema alionana nao Yerusalemu. Tuanze na hao wawili: walidanganya, walidanganyika, au waliona?