Tupeane uzoefu: desturi ya kwenu ambayo mgeni akiiona hushangaa

Mwanzilishi wa mada, Kisarawe

Ndugu zangu, salamu. Naomba tupeane uzoefu wa desturi za makwetu, zile ambazo mtu wa nyumbani huzitenda bila hata kuzifikiria, lakini mgeni akizikuta hubaki ameduwaa. Tusirudie yale yanayojulikana na kila mtu, kama maneno ya kanga au kuvunja jungu kabla ya Ramadhani. Lete ulilolishuhudia mwenyewe, na ueleze lilikuwa na kazi gani kwa watu waliokuwapo. Nitaanza mimi.

Sisi ni Wazaramo, na miongoni mwa watani wetu wamo Wanyamwezi na Wasukuma. Wazee wetu husema kwamba utani huo ulizaliwa njiani, enzi za misafara, wapagazi wa bara walipokuwa wakishuka Bagamoyo na pembe za ndovu na kukatiza katika nchi yetu wakiwa wamechoka na wana njaa. Babu yangu alipofariki mwaka 2004, bibi alikaa siku mbili bila kusema neno wala kutoa chozi, jambo lililowatia hofu watu wazima kuliko kifo chenyewe. Siku ya mazishi tulipofika makaburini tulimkuta mzee mmoja Msukuma, jirani yetu wa miaka mingi, amelala chali ndani ya kaburi, mikono kifuani, akidai kwamba marehemu ana deni lake la shilingi elfu tano na kwamba hatoki humo mpaka deni lilipwe. Wajomba walianza kubembeleza bei huku jeneza likiwa mabegani mwa watu. Shehe alikuwa akitazama chini, na sijui hadi leo kama alikuwa akisoma dua au akijizuia kucheka.

Tuliporudi nyumbani, mzee yule aliingia chumbani kwa marehemu, akatoka amevaa koti lake la kijivu na kofia yake, akashika fimbo na kuanza kutembea uani kwa ule mwendo wa babu wa kuburuta mguu wa kushoto, akikohoa kama babu na kuuliza kwa sauti ya babu kwa nini chai haijaletwa. Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akacheka, na katikati ya kicheko kile ndipo kilio kilipomtoka. Mtu ambaye hajui utani angemfukuza mzee yule kwa fimbo yake mwenyewe. Sisi tulimpa chakula kabla ya wageni wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika jembe asubuhi ile.

Mchangiaji wa Makunduchi

Ahsante kwa kufungua mlango. Kwetu kusini mwa Unguja tuna Mwaka Kogwa, yaani kuoga mwaka, ambao ni mwaka mpya wa kale wenye asili ya Nairuzi ya Uajemi, na siku hizi huangukia mwezi wa Julai. Watu wengi wa mjini huja kuutazama kama ngoma ya kitalii, na hilo hunikera kidogo, kwa sababu wanachokiona ni wanaume wazima wanaocharazana kwa mabua ya migomba, upande wa kaskazini dhidi ya upande wa kusini, huku wanawake waliovaa vizuri wakipita uwanjani na kuimba nyimbo za mafumbo ambazo nyingine siwezi kuziandika hapa. Baadaye hujengwa kibanda cha makuti, mtu akaingia ndani, kikachomwa moto, naye akachomoka mbio kabla hakijateketea. Mtalii hupiga picha akaondoka.

Asichokiona ni kwamba mtu haendi pale kumpiga yeyote tu. Nilipokuwa na umri wa miaka 19 nilikuwa nimekosana na binamu yangu kwa sababu ya ngalawa tuliyoinunua kwa ushirika, ambayo yeye aliikodisha bila kuniambia na ikarudi imepasuka. Tulikaa miezi saba hatusalimiani, nasi tunaswali msikiti mmoja. Siku ya Mwaka nilimtafuta kwa macho katika ule umati, naye alikuwa akinitafuta mimi. Tulipigana mpaka mabua yakawa nyuzi mikononi mwetu, na niwaambie kweli kwamba bua bichi la mgomba linauma zaidi kuliko linavyoonekana. Jioni mama alinituma niende kwa mama yake na sahani ya chakula, bila kuniuliza kitu. Binamu ndiye aliyefungua mlango, akiwa na alama mgongoni, akapokea sahani na kuniambia niingie ndani. Suala la ngalawa halikutajwa tena, ingawa mpasuko niliutengeneza mimi kwa fedha zangu.

Kuna jambo moja dogo la kuongeza: siku hiyo si vizuri nyumba kukosa mgeni. Basi ukipita Makunduchi wakati wa Mwaka na mtu usiyemjua akakuvuta mkono kwenda kula kwake, usidhani anataka kukuuzia kitu.

Mchangiaji wa Magu

Shikamooni wakubwa. Kwanza namjibu mtani wangu wa Kisarawe: shilingi elfu tano kwa ajili ya Mzaramo ni bei ya juu mno, na nadhani mzee wetu aliwaonea huruma. Pili, nina swali la haki. Kwa desturi, kitu ambacho mtani amekichukua msibani hakirudi bila kugombolewa. Je, lile koti la kijivu lilirudi, au mpaka leo ninyi ni wadaiwa?

Mchangiaji wa Buyenzi, Bujumbura

Mimi nitazungumzia jina langu. Kwetu Burundi pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Bukuru, na anayemfuata huitwa Butoyi. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Ciza, na anayemfuata huyo huitwa Misago. Kwa hiyo mtu akitaja jina lake, amekwisha kukueleza jambo la nyumbani kwao hata kama hakukusudia.

Mimi ni Ciza. Tangu nikiwa shule ya msingi, kila mwalimu mpya aliposoma orodha ya majina aliniuliza mapacha wetu wanasoma darasa gani, nami sikuwa na la kujibu, kwa sababu nyumbani mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kwanza. Siku moja nilimwambia mama kwamba nataka kubadilishiwa jina ili watu waache kuniuliza. Aliacha kupepeta mchele, akanionyesha kwa mkono upande wa makaburi, akasema kwamba wale wawili hawakufika siku ya nane, na kwamba jina langu ndilo mahali pekee ambapo bado wanahesabiwa. Tangu hapo nikiulizwa nasema ninao ndugu wawili wakubwa. Wala sisemi uongo.

Mchangiaji wa Magu

Pole sana, ndugu Ciza. Kwetu Usukumani mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija, kwa hiyo wewe ungekuwa Shija wetu. Nilipofanya kazi Kampala niliona kwamba kwa Waganda jambo hili huwafikia hata wazazi: baba wa mapacha huitwa Ssalongo na mama huitwa Nalongo, na watu huyatamka kwa heshima kubwa, kama cheo. Fundi wangu wa magari alikuwa Ssalongo, na kwa miaka mitatu sikulijua jina lake jingine.

Mchangiaji wa Nyeri

Kwa kuwa mmefika kwenye majina, niruhusuni niingie hapo hapo. Sisi Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama; wasichana vivyo hivyo, wakianzia kwa nyanya mzaa baba. Mimi ni mtoto wa pili wa kiume, kwa hiyo ninalo jina la babake mama, na mama tangu nizaliwe huniita baba. Najua kwamba pwani akina mama huwaita wana wao baba kwa mapenzi tu, lakini kwetu jambo hilo lina uzito wake. Kaka yangu akikosa alichapwa. Mimi nikikosa mama alishika kiboko, akanitazama, akasema hawezi kumchapa mzee wake, kisha akamwita baba aje amalize kazi hiyo. Kaka hajawahi kunisamehe.

Upande wa shosho, yaani nyanya, mambo yalikuwa kinyume. Shosho mzaa mama alikuwa akiniita mume wangu, na kila likizo nilipofika kwake, mtoto wa miaka sita, nililazimika kujibu mashtaka ya mume aliyekuwa amelala kaburini kwa miaka kumi na zaidi: mbona sukari imekwisha, mbona boma halijarekebishwa, mbona nililewa siku ya harusi ya shangazi. Nililia mara ya kwanza. Baadaye nikajifunza kuomba msamaha kwa niaba yake, na nilipofanya hivyo shosho alikuwa akinyamaza kidogo, kisha akaniwekea ndizi za kuchoma.

Tena msituombe Wakikuyu wa zamani tuwahesabie watoto wetu, maana kutaja idadi kamili ya watu ni mwiko. Hata mabinti wa Mumbi, mama yetu wa asili, ambao ndio chanzo cha koo zetu, ni kumi ukiwahesabu kwa majina, lakini mzee atakuambia ni tisa na kujaa.

Mchangiaji wa Kilema

Nimesoma habari za binamu wa Makunduchi nikakumbuka jani la sale. Kwa wasiolijua, sale ni mmea wenye majani marefu ambao sisi Wachaga huupanda kuzunguka kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, kama alama ya mpaka. Jani lake ndilo hutumika kuomba msamaha. Aliyekukosea akikuletea sale hana haja ya hotuba, nawe huruhusiwi kulikataa, maana wazee waliamini kwamba anayelikataa hujitakia balaa yeye na kizazi chake.

Sasa sikilizeni. Kwa mila yetu ya zamani kitinda mimba hurithi nyumba na kihamba cha baba, mtoto wa kwanza naye hupewa sehemu yake, na wa katikati hutarajiwa kwenda kujitafutia. Baba yangu ni kitinda mimba. Baba mkubwa wangu wa pili ni wa katikati, naye alikwenda kulima tambarare, ukame ukampiga, akarudi mlimani na uchungu wake. Usiku mmoja alikata masale yote ya mpaka wa chini, na asubuhi tukakuta mashimo ya miche ya kahawa yamechimbwa hatua sita ndani ya kihamba chetu. Kesi ilipelekwa kwa wazee wa ukoo, miche ikang'olewa, na kwa miaka tisa ndugu hao wawili walikuwa wakipishana njiani kama watu wa nchi mbili. Kila Desemba sisi watoto tuliotoka mijini tulikula mbuzi wawili mahali ambapo ilipaswa kuwa mmoja, kwa kuwa kila mmoja alichinja kwake.

Mwaka wa kumi, usiku wa kuamkia Krismasi, baba mkubwa alikuja akiwa ameshika jani moja la sale. Alisimama nje ya mlango bila kubisha. Baba, ambaye alikuwa ameapa mbele yetu sote kwamba hatazungumza naye mpaka kufa, aliliona lile jani kupitia dirishani, akakaa chini tena, akasimama tena. Mimi naamini kwamba kama baba mkubwa angekuja na maneno, hata yawe mazuri kiasi gani, angefukuzwa. Baba alifungua mlango, akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza-geuza kwenye mwanga wa taa, na neno lake la kwanza baada ya miaka tisa lilikuwa: "Hili umelikata kwangu." Kumbe lilikuwa limetoka kwenye masale yaliyochipua upya pale pale mpakani. Mama alikuwa amekwisha kuleta kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Mchangiaji wa Muscat

Langu ni fupi na la aibu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ambako kahawa huinunua barazani, unakunywa kikombe kimoja au viwili na kashata, unaondoka. Nilipofika Oman kwa mara ya kwanza kumtembelea shangazi, mwenyeji mmoja alinikaribisha tende, halua na kahawa ya iliki katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Kila nilipomaliza, kijana aliyesimama na birika alinijazia, nami niliona ni utovu wa adabu kuacha kahawa ya mtu. Baada ya kikombe cha tisa moyo ulikuwa ukinienda kama ngoma ya msondo. Ndipo shangazi aliponinong'oneza kwa Kiswahili, sauti ya chini kabisa: "Kitikise kikombe, mwanangu, utakufa." Hapa ukishatosheka hukitikisa kikombe kidogo unapokirudisha, na mpaka utikise, wao watamimina.

Mwanzilishi wa mada, Kisarawe

Nawashukuru nyote. Namjibu mtani wangu wa Magu, kwa kuwa swali lake ni la haki.

Koti halikurudi. Mzee yule alilivaa miaka 15, hata sokoni, na kila alipokutana na bibi alimdai chai. Mwaka 2019 alifariki, na kwa kuwa wanawe walimsafirisha kwenda kumzika kwao, baba alinituma mimi niiwakilishe familia. Nilisafiri siku nzima nikijiambia kwamba sitaweza, kwani mimi si mchekeshaji na mzee yule nilikuwa nampenda. Nilipofika nilimkuta binti yake mkubwa amekaa mkekani, macho makavu, na koti la kijivu limekunjwa mbele yake kana kwamba lilikuwa likinisubiri. Nililivaa. Mikono yake ilikuwa mifupi kwangu. Nikatoka uani nikaanza kudai kwa sauti kubwa deni la shilingi elfu tano, pamoja na riba ya miaka 15, na kwamba nisipolipwa naingia kaburini nalala.

Walinipa elfu mbili na jogoo mmoja.